Meli ya Tano

Siku Atilio alipofariki, meli yake ilifika bandarini kwa wakati.

Nilikuwa tayari gatini, miwani usoni na glavu mikononi, nikipanga mapipa ya baruti pamoja na Lotari. Tulikuwa tumekubaliana kutoka jioni ile kwenda kuvizia meli za shehena upande wa kaskazini, ambako bahari mpya ya mchezo wa Mkondo ilikuwa imefunguliwa wiki hiyo. Gogo, meli ya kaka yangu, ikaingia polepole, ikageuza ubavu, ikatulia kando ya gati bila kugusa ubao. Hakuna mwingine katika kikosi chetu aliyeweza kuegesha hivyo, kama mtu anayemlaza mtoto aliyepitiwa na usingizi.

"Umekula njiani?" nikamuuliza.

"Twende kazi," ikajibu sauti yake.

"Ndiyo salamu hiyo? Mama anakuulizia toka asubuhi."

"Twende kazi, Gauda. Upepo unageuka."

Kweli upepo ulikuwa unageuka. Tukatoka. Tukakamata meli mbili za shehena bila kupoteza hata kamba, na Lotari akapiga mzinga kabla ya wakati akatoboa tanga langu, tukamcheka mpaka akatishia kurudi nyumbani. Atilio alicheka pia. Kicheko kile kile kifupi cha puani. Nilifurahi sana jioni ile, na mpaka leo sijui kwa nini nisiseme hivyo.

Kisha mtu akanivua miwani. Alikuwa Mama. Nyuma yake majirani walisimama mlangoni bila kuingia.

Mvua ya mchana ilikuwa imeporomosha jiwe kwenye mteremko wa Kitonga. Msafara wa malori ya mbao ulisimama wenyewe, kama malori yale yalivyofundishwa, yote bila mkwaruzo. Aliyeshuka kuangalia barabara alikuwa mtu mmoja tu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Atilio. Malori yanajiendesha toka Mafinga mpaka pwani, yeye anayasindikiza, na yanapositasita ndipo binadamu anashuka kuangalia kuna nini. Jiwe la pili lilikuwa bado juu.

Mama aliniambia yote hayo akiwa ameshika miwani yangu mkononi. Ilikuwa inatoa sauti ndogo.

"Gauda, kulia kwako," kaka yangu alikuwa anasema. "Kulia kwako kuna mwamba."

*

Kila mchezaji wa Mkondo ana kaimu. Bahari ile hailali, na ukiitwa sokoni ukaiacha meli bila mtu, utarudi ukute mbao zinaelea. Kwa hiyo unavaa bangili, na bangili inausoma mkono wako: unavyoshika usukani, unavyosita, unavyovuta pumzi kabla ya kuamuru mizinga. Msimu wa kwanza kaimu wako anaweza kukushikia meli wakati unakoroga ugali. Misimu ikipita, anaanza kuongea kama wewe. Atilio alivaa bangili toka mchezo ulipofika Mafinga. Jioni ile alipochelewa, kaimu wake alifanya alichofundishwa: aliileta meli, akatucheka, akanionya kuhusu mwamba.

Tulimzika shambani kwetu, nyuma ya misonobari. Lotari Gama ndiye aliyeongoza uchimbaji wa kaburi, maana sisi ni Wahehe na yeye ni Mngoni, na kwetu mtani ndiye mwenye msiba kuliko mwenye msiba. Kaburi lilipokamilika alilala ndani chali, akafumba macho.

"Sitoki humu mpaka niletewe jogoo!" akapiga kelele. "Huyu mla mbwa wenu amenizamisha mara ngapi? Nani atanilipa meli zangu?"

"Toka, Mngoni, mtoto wangu anapata baridi," Mama akamwambia.

"Na mimi je, si napata baridi? Nimelalia tope!"

Watu wakacheka, na Mama akacheka, ndipo akaweza kulia vizuri. Jogoo aliletwa. Lotari akatoka.

Siku si nyingi baadaye, mchezo ukaniletea ujumbe, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki kuwa mkuu wa kikosi. Mmiliki wa meli Gogo hajaonekana, ulisema. Chagua: kaimu aendelee kujifunza, au afutwe. Chini yake maelezo mafupi. Kaimu asiye na mmiliki hana tena mkono wa kuusoma, kwa hiyo hujifunza kutokana na mapambano anayoyapitia na manahodha anaokutana nao. Sikuyasoma mara mbili. Nilibonyeza aendelee, na wala sikumuuliza mtu.

Toka hapo, kila jioni wakati Mama anachambua maharage, nilikuwa naweka spika ndogo mezani na kuifungulia sauti ya Gogo. Mama alikuwa anasikiliza, anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa namwangalia Mama nikiona amepata ahueni.

*

Mvua zilipokolea, ligi ya kanda ikatutaka tuwasilishe kikosi. Tulikutana kwenye duka la vipuri la Lotari, katikati ya mikanda ya mashine na makopo ya grisi. Akazima taa ya mbele, akaziangaza meli zetu juu ya kaunta, zikawa zinaelea pale ndogo ndogo kama bata.

"Meli tano," Lotari akasema. "Wala msinitazame hivyo, sheria sikuiandika mimi. Tano, na uzito wake wote usivuke kiwango. Mtani, anza."

Kuchagua meli za kikosi ni kazi ambayo wageni wanaikosea kila msimu. Wanahesabu mizinga. Meli yenye mizinga mingi inapendeza bandarini, lakini inakula uzito wa meli mbili, na ikigeuka inageuka kama ng'ombe kwenye ujia. Kikosi kinahitaji moja nzito ya kusimama katikati na kupigwa bila kuzama. Kinahitaji nyepesi za kukimbiza na kuzunguka. Kinahitaji ya amri, yenye mlingoti mrefu, ili mkuu aone wote. Na ya tano ndiyo inayogombaniwa, kwa sababu ya tano ndiyo inayoamua ninyi ni watu wa namna gani.

Atilio alikuwa na njia yake. Meli yoyote mpya alikuwa anaishusha majini tupu, bila mzinga, bila shehena, bila hata pipa la maji, kisha anaikata kona kali. Watu walimcheka. "Lori lenye mzigo halinisumbui," alikuwa anajibu, "tupu ndilo linarukaruka." Na maharamia, alisema, hutoka nyumbani tupu. Unapigana ukiwa tupu, na unakimbia ukiwa umeshiba. Ndivyo alivyoipata Gogo, meli fupi yenye mizinga michache ambayo hakuna aliyeitaka, na ikawa hakuna anayeiweza.

"Nzito ni Mla Mbwa," nikasema.

"Asante," Lotari akasema. Ilikuwa meli yake, na jina aliipa kwa heshima yetu sisi Wahehe, tunaotaniwa kuwa wala mbwa.

"Ya amri ni Ulanzi yangu. Za kukimbiza ni za wale ndugu wawili wa Makambako."

"Nne. Ya tano?"

"Gogo," nikasema.

Meli ya sita ilikuwa ya Skola Mdemu. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, mikono yake bado ina unga, maana alikuja moja kwa moja toka kwenye kibanda chake cha maandazi. Alianza kucheza msimu uliopita, na Atilio ndiye aliyemshika mkono. Meli yake inaitwa Kapu. Ni pana, nzito kugeuka, ina mizinga isiyotisha mtu, lakini ina kamba nene za kuvuta wengine waliovunjika mlingoti.

"Skola, unasemaje?" Lotari akamuuliza.

"Mimi naweza kusubiri," akasema. "Kaka Atilio ni hodari kuliko mimi, hilo halina ubishi."

"Ni?" Lotari akageuka. "Ni hodari? Mimi nimemfukia kwa mikono hii, tope likaingia mpaka kwenye soksi, leo mnaniambia ligi ikianza natoka naye?"

"Sheria inaruhusu kaimu mmoja kwa kila kikosi," nikasema. "Si yeye. Ni kaimu."

"Kama si yeye, kwa nini umemwekea nafasi ya mtu?"

"Kwa sababu anashinda, Lotari. Msimu uliopita tulitolewa mapema. Tukitolewa tena mapema, tunashuka daraja, tunarudi kucheza na watoto wa shule."

"Watoto wa shule nawapenda. Hawanitoboi tanga."

"Aliyetoboa tanga ni wewe!"

"Basi yamekwisha," akasema, akawasha taa. Meli zikapotea, ikabaki kaunta na makopo yake. "Tufanye mazoezi kwanza. Njombe wako tayari. Tutoke sita, tuone."

*

Kikosi cha Njombe ni watu wazuri. Wanapiga hodi hata wakija kukushambulia. Tulipambana nao alasiri nzima, na Gogo ikafanya maajabu. Ilipita katikati ya meli mbili zao, zikagongana zenyewe. Nilijikuta napiga makofi ndani ya glavu.

Mwishoni tukaizingira meli moja, kubwa, yenye nakshi za maua ubavuni. Mwenyewe alikuwa Mzee Mlowe, mstaafu, aliyeijenga ubao kwa ubao kwa misimu kadhaa. Alipoona hana njia, akashusha bendera.

Katika Mkondo, meli ikizama imekwenda. Hairudishwi, unaanza na mtumbwi. Sheria ya mchezo haikatazi kumzamisha aliyeshusha bendera, na vikosi vingi vya kaskazini vinafanya hivyo, kwa kuwa aliyezamishwa hawezi kurudi kukusumbua. Sisi tulikuwa na desturi yetu, na aliyeileta alikuwa Atilio. Aliyeshusha bendera tunachukua shehena yake, kisha tunampisha. Atilio mwenyewe alikuwa anampungia mkono na kumwambia, "Haya, pita, wasalimie nyumbani."

Nilisogea kuchukua shehena. Skola alikuwa ameshatupa kamba ili amvute Mzee Mlowe mpaka kwao, maana usukani wake ulikuwa umevunjika. Gogo ikatokea nyuma yetu, ikageuka ubavu, ikapiga mizinga yote.

"Jamani, nilishashusha," Mzee Mlowe akasema. Hakupiga kelele. Alisema tu kama mtu anayekumbusha.

Gogo ikazunguka, ikapiga upande wa pili. Nakshi zile zikaingia majini.

"Twende kazi," ikasema sauti ya kaka yangu.

Tulivua miwani. Mvua ilikuwa inapiga bati la duka. Kwa mara ya kwanza toka nimfahamu, Lotari alikuwa hana utani mdomoni.

"Labda hakuona bendera," Skola akasema.

"Aliiona," Lotari akajibu.

Niliporudi kwenye kumbukumbu za Gogo, nikaona jinsi ilivyokuwa. Wakati sisi tunalala na tunafanya kazi, kaimu alikuwa anatoka. Alikuwa anakwenda bahari ya kaskazini kupambana na wale wasiompisha mtu, na alikuwa anajifunza kwao. Toka msiba alikuwa ameshinda mara nyingi kuliko Atilio alivyowahi kushinda akiwa hai. Kosa la mashine sikuliona. Alikuwa amekuwa hodari zaidi tu.

Nilituma pole Njombe. Mzee Mlowe akajibu mwenyewe, kwa sauti: "Usihuzunike, binti yangu. Ni mchezo. Ila mwambie kaka yako amebadilika."

Hakuwa amepata habari za msiba.

*

Siku ya kumaliza msiba ukoo ulijaa nyumbani. Mvua ilitupisha. Kulikuwa na pombe ya ulanzi kwenye madumu, ugali wa kutosha, na wajomba waliogombana kidogo kuhusu mahali pa kukaa, kama ipasavyo.

Tulikuwa katikati ya kula Atilio alipotokea nyuma ya jiko.

Alikuwa amevaa koti lake la kijani la kazini na kofia iliyokatika ukingo. Alitembea akiegemea kushoto, kwa sababu ya goti lake bovu. Akafika kwenye sufuria, akafunua, akanusa, akakohoa kidogo.

"Mama," akasema, "haya maharage yana chumvi, au unaniadhibu?"

Ilikuwa sauti ya Lotari, lakini kikohozi kile hakikuwa chake. Watu wakaguna. Shangazi mmoja akaangusha kijiko. Ndivyo tunavyofanya siku hiyo. Mtani anamvaa marehemu, anatembea kama yeye na anakula kama yeye, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Mama aliweka sahani chini. "Wewe umetoka wapi muda wote huu?"

"Kitonga. Kulikuwa na jiwe barabarani, nikasema ngoja niliangalie."

"Na ukaliangalia?"

"Niliangalia moja, Mama. Yalikuwa mawili."

Mama akaanza kucheka. Alicheka akishika tumbo, machozi yanamtoka, na wajomba wakacheka, na mimi. Lotari akaketi kwenye kigoda cha Atilio na kunyoosha goti. Akaulizia ng'ombe. Akamwambia mjomba mkubwa arudishe jembe aliloazima. Akanigeukia.

"Na wewe, bado unaendesha meli kama unasukuma toroli?"

"Afadhali toroli," nikasema. "Wewe umefunga nguo za ndani kwenye mlingoti."

"Hiyo ni bendera ya Wangoni," akasema, akajisahau, na watu wakapasuka tena.

Kwa muda ule kaka yangu alikuwa nyumbani. Siwezi kueleza vingine.

Kisha Lotari akasimama katikati ya uwanja. Akavua kofia. Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akalikunja vizuri, mikono ndani. Akabaki na fulana yake ya duka la vipuri, yenye mafuta kifuani.

"Mimi ni Lotari Gama," akasema kwa sauti yake. "Mngoni, mla panya. Atilio hayupo."

"Hayupo," watu wakaitikia.

Akampa Mama lile koti. Mama akalishika kidogo, akaangaza macho, akamwita binamu yetu mmoja anayechunga porini, ambaye hakuwa na koti. Akampa. Hivyo tu. Vitu vya marehemu huenda kwa anayepata baridi.

*

Wageni walipoondoka tulibaki mimi na Mama tukisugua masufuria kwa majivu. Jua la alasiri lilikuwa limetoka.

"Yule Mngoni ana wazimu," Mama akasema.

"Sana."

"Ila anajua kuvua." Akamwaga maji. "Yule wa kwenye spika, naye atavua lini?"

Sikuwa nimemwambia habari za Mzee Mlowe. Sikuwa nimemwambia lolote la Gogo.

"Mama, nilidhani unapenda kumsikiliza."

"Mimi?" Akaacha kusugua. "Nilidhani wewe ndiye unamhitaji. Kila jioni unamleta mezani, unanikazia macho. Nikasema, acha nimsikilize, mwanangu apoe."

"Mimi nilikuwa nakuangalia wewe upoe!"

Tukatazamana, mikono yetu myeusi kwa masizi. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Tulicheka mpaka mbwa akaja kuangalia kuna nini.

"Tangu mwanzo nilijua si yeye," akasema baadaye, taratibu. "Ananijibu haraka. Atilio ukimwuliza kitu alikuwa anakohoa kwanza, ndipo anafikiri. Huyu hafikiri. Na siku hizi sauti yake haina huruma. Ameanza kukaa na watu gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu bahari ya kaskazini, na bendera iliyoshushwa, na nakshi za maua.

"Kuna namna ya kumrudisha alivyokuwa?" akauliza.

"Hakuna. Kuna aendelee, kuna afutwe. Hakuna kitufe cha alivyokuwa."

"Mkimfuta, mtashindwa?"

"Huenda. Gogo ndiyo inatubeba."

Mama akaliinua sufuria juani, akalikagua. "Basi wewe ndiye mkuu," akasema. "Mimi mwanangu nilishamuaga. Huyo sina la kumwambia."

*

Niliingia bandarini kesho yake baada ya chai. Gogo ilikuwa imeegeshwa vizuri mno.

"Twende kazi," kaimu akasema.

"Subiri. Kwa nini ulimzamisha Mzee Mlowe?"

"Meli iliyozama hairudi kutushambulia." Hakukohoa. Jibu lilikuwa tayari kabla sijafunga mdomo.

"Alikuwa ameshusha bendera."

"Ndiyo. Hapo ndipo inakuwa rahisi zaidi."

Nilikaa kwenye ukingo wa gati. Nilitaka kubishana naye, kama nilivyokuwa nabishana na Atilio, lakini nikaona nabishana na manahodha wa kaskazini ambao siwajui, waliovaa sauti ya kaka yangu. Tena halikuwa kosa lake. Aliachwa peke yake baharini bila mkono wa kumwongoza, na aliyemwacha ni mimi niliyebonyeza aendelee. Kama ningemwacha mpaka mwisho wa msimu, tungefika mbali. Watu wa kanda nzima wangelijua jina la Atilio Nyenza, na wangelijua kwa kuzamisha watu walioshusha bendera.

"Leo hatutoki," nikamwambia.

"Upepo ni mzuri."

"Ni mzuri. Hatutoki."

"Sawa."

Mchezo uliniuliza kama nina hakika. Ukaniuliza tena. Nikabonyeza. Gogo ikayumba kidogo, kama meli yoyote inavyoyumba mtu akishuka, na hapakuwa na mtu kwenye usukani.

Nilidhani nitalia. Nilivua miwani, nikaenda jikoni, nikala viazi viwili vya jana vikiwa baridi, na vilikuwa vitamu.

Jioni tukakutana dukani kwa Lotari. Nilimwambia Skola achukue Gogo, kwa kuwa meli ni meli na ilikuwa haina nahodha. Akaijaribu mara moja tu pale pale kwenye kaunta, akavua glavu.

"Hapana, Dada Gauda. Hii inataka mtu mwenye haraka. Mimi niachieni Kapu yangu. Mkivunjika, nani atawavuta?"

"Kapu ina mizinga ya kufukuzia kuku," Lotari akasema.

"Ndiyo maana Wangoni wanaiogopa," Skola akajibu, na nikajua kwamba nafasi ya tano imepata mtu.

Ikabaki Gogo. Nilifikiri kuiacha imefungwa gatini, iwe kumbukumbu. Kisha nikamfikiria Mzee Mlowe, ambaye alikuwa ameanza na mtumbwi, anavua samaki wa kununulia mbao. Nikampigia. Nikamweleza kwanza habari za msiba, akatoa pole ya kweli, ya kizamani. Ndipo nikamwambia kuhusu meli.

"Binti yangu, hiyo ni meli ya kaka yako."

"Ndiyo, mzee. Na wewe huna meli."

Nilipokata simu, Lotari alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mtani! Umempa Njombe meli bora ya kanda nzima? Bure? Umeona ratiba?"

"Sijaiona."

"Wahehe! Mungu aliwaumba kwa hasira kweli!" Akaigeuza ratiba kwenye kaunta ili niisome. Skola alisimama begani kwangu, akaisoma kabla yangu, akaziba mdomo asicheke.

Kikosi chetu kimepokelewa kikiwa na meli tano, na ya tano ni Kapu. Mchezo wetu wa kwanza ni Jumamosi, dhidi ya Njombe.